Skala na vekta: Kwa nini upepo hufuta rekodi ya mbio

JUNI 29, 2008, mjini Eugene, Marekani, mwanariadha Tyson Gay alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.68. Muda huo ulikuwa mfupi kuliko rekodi ya dunia ya wakati ule, sekunde 9.72, iliyoshikiliwa na Usain Bolt wa Jamaica. Hata hivyo, haukuandikwa kuwa rekodi. Upepo uliomsukuma kutoka nyuma ulipimwa kuwa mita 4.1 kwa sekunde, ilhali kanuni za riadha haziruhusu zaidi ya mita 2.0.

Msingi wa kanuni hiyo umo katika somo la fizikia linalowatatiza wanafunzi wengi wa sekondari: tofauti kati ya skala na vekta.

Skala ni kipimo kinachokamilika kwa kutajwa ukubwa na kizio chake tu. Miongoni mwake ni muda, tungamo, jotoridi, umbali na kasi. Ikisemwa kwamba mbio zilichukua sekunde 9.68, hakuna anayeuliza sekunde hizo zilielekea wapi.

Vekta huhitaji ukubwa na mwelekeo pia. Kani na mchapuko ni vekta. Vivyo hivyo velositi, yaani kasi iliyotajwa pamoja na mwelekeo wake.

Tofauti hiyo hudhihirika zaidi katika kujumlisha. Kilo 3 za sukari zikiongezwa kilo 4, jibu ni kilo 7 siku zote. Lakini watu wawili wakivuta mzigo mmoja, huyu kwa kani ya nyutoni 3 na yule kwa nyutoni 4, jibu hutegemea kila mmoja anavuta kuelekea wapi. Wakivuta upande mmoja, jumla ni nyutoni 7. Wakivuta pande zinazopingana, hubaki nyutoni 1. Wakivuta kwa pembemraba, jumla huwa nyutoni 5.

Upepo hufuata hesabu hiyohiyo. Katika mbio za mita 100, kipima upepo huwekwa kando ya njia ya kwanza, mita 50 kabla ya mstari wa kumalizia, na husoma kwa sekunde 10 tangu bastola inapolia. Hakisomi kasi yote ya upepo, bali ile sehemu inayofuata mstari wa mbio.

Kwa mfano, upepo wa mita 4 kwa sekunde ukitoka nyuma moja kwa moja, kipimo husoma +4.0 na rekodi haikubaliki. Upepo uleule ukija kutoka nyuma kwa pembe ya nyuzi 60 na njia, husoma +2.0, kiwango ambacho bado ni halali. Ukikatiza uwanja kwa pembemraba, husoma sifuri. Ukitoka mbele, husoma -4.0, na alama hiyo ya kutoa huonyesha mwelekeo tu. Kasi ya upepo ni moja katika hali zote nne. Kinachobadilika ni upande unakoelekea.

Kwa kipimo hicho, sekunde 9.77 za Ferdinand Omanyala wa Kenya, alizokimbia Kasarani, Nairobi, Septemba 18, 2021, zilitambuliwa kuwa rekodi ya Afrika, kwani upepo ulisoma +1.2. Bolt alipokimbia sekunde 9.58 mjini Berlin mwaka 2009, ulisoma +0.9.

Mbio za mita 400 hazina kikomo cha upepo, kwa kuwa mkimbiaji huzunguka uwanja mzima: upepo unaomsukuma upande mmoja humkabili upande wa pili. Aidha, anayekimbia katika njia ya kwanza humalizia palepale alipoanzia. Umbali aliokimbia, ambao ni skala, ni mita 400. Lakini vekta inayotoka mahali alipoanzia hadi alipomalizia ni sifuri.

Kwa mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani, swali moja hutosha kutenganisha vipimo hivi: je, jibu limekamilika bila kusema "kuelekea wapi"? Likikamilika, ni skala. Lisipokamilika, ni vekta.