Kutoka Fotofoni hadi Laifai: Historia ya Istilahi Moja

Neno simu, ambalo leo hulitumia hata mtoto asiyepata kuuona waya wa simu, asili yake ni Kiajemi, na maana yake huko ni waya. Wazee wetu walipoletewa chombo cha kupelekea habari bila waya hawakulitupa. Waliliongeza tu, wakakiita simu ya upepo. Tunaikumbusha habari hii kwa sababu mtambo mwingine usio na waya unadai jina: ule unaopeleka habari kwa mwanga wa taa za diodi, yaani taa za LED. Istilahi inayoelekea kuzoeleka ni "mawasiliano ya mwanga unaoonekana". Sisi tunaona ina kasoro, na kasoro hiyo ina umri wa zaidi ya miaka mia moja.

Mwaka 1880, mjini Washington, Alexander Graham Bell na msaidizi wake Charles Sumner Tainter walipeleka sauti kwa mwali wa jua. Msemaji alinena nyuma ya kioo chembamba kilichoakisi jua. Kioo kikatetemeka, na mwali ukawa unazidi na kupungua kwa kadiri ya mtetemo. Upande wa pili iliwekwa seleniamu, ambayo hupitisha umeme zaidi inapomulikwa, nayo iliyageuza mabadiliko ya mwali kuwa mabadiliko ya umeme, na kipokezi cha simu kikayatoa kama sauti. Tainter, akiwa juu ya paa la shule ya Franklin, alimwomba Bell, aliyekuwa katika maabara yake umbali wa mita 213, aje dirishani apunge kofia iwapo amesikia. Bell akapunga.

Chombo hicho alikiita fotofoni, jina lililoundwa kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya mwanga na sauti. Haukupita muda, Mfaransa Ernest Mercadier akaona kuwa jina hilo linabana mno, kwa kuwa hata miale ya joto, ambayo jicho haliioni, iliweza kuifanya kazi hiyo. Akapendekeza radiofoni, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya mwali, na Bell mwenyewe akalikubali mwaka 1881. Kwa hiyo jina lililo jamaa ya redio yetu liliwahi kuwa la chombo cha mwanga kabla ya kuhamia kwenye mawimbi ya aina nyingine. Fotofoni yenyewe haikufika mbali: wingu lilipopita, mazungumzo yalikatika.

Kilichoifufua fikra hiyo ni taa. Mwaka 1993 Shuji Nakamura, akiwa Japani, alitoa diodi yenye mwanga wa buluu mkali. Yeye pamoja na Isamu Akasaki na Hiroshi Amano walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2014. Buluu hiyo ndiyo iliyowezesha taa nyeupe za diodi, na taa hizo, tofauti na balbu za zamani, huweza kuwashwa na kuzimwa mamilioni ya mara kwa sekunde bila jicho kutambua. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Keio, akiwemo Masao Nakagawa, walilishughulikia jambo hilo mapema katika miaka ya 2000. Mwaka 2011 Harald Haas, wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, akalitangaza kwa jina la Li-Fi.

Jina hili ni mchezo wa maneno juu ya Wi-Fi, ambayo nayo iliiga Hi-Fi ya vinanda vya santuri. Mfasiri atakayeling'ang'ania tamko la mwisho na kuandika "uaminifu wa mwanga" atakuwa ametafsiri utani. Laifai yatosha, kama waifai ilivyotosha.

Istilahi ya jumla ndiyo yenye uzito. Kanuni ya kimataifa ya IEEE 802.15.7 ya mwaka 2011 ilihusu mwanga unaoonekana tu; ilipopitiwa mwaka 2018 ikapanuliwa. Ile ya 802.11bb, ya mwaka 2023, imewekwa kwa miale ya infraredi, ya nanomita 800 hadi 1,000, ambayo jicho haliioni kabisa. Ofisa akiandika katika kanuni za leseni "mwanga unaoonekana", vyombo vya kanuni hiyo ya 2023 vitabaki nje ya sheria, na hoja ya Mercadier itakuwa imepotea bure.

Kwa hiyo tunapendekeza "mawasiliano kwa mwanga" liwe jina la jumla, na "unaoonekana" au "wa infraredi" liongezwe pale tu linapohitajika. Tumechagua kwa badala ya ya ili mwanga uwe njia, si mwenye mawasiliano. Maana mwanga pia ni mchawi wa usiku, na mwalimu yeyote anajua darasa litacheka wapi. Nuru tuliifikiria. Lakini nuru imezoea mahubiri na mashairi, na vitabu vya fizikia vya Tanzania vimekwisha kuuzoea mwanga.