Kahawa ya Kando ya Ziwa Kivu: toka mti hata gunia



Katika kitabu hiki cha jubilei tunakumbuka kazi za wazee wetu. Si haki kuisahau kahawa, kwani kwa miaka mingi ndiyo iliyolipa minervali ya watoto na mabati ya nyumba zetu. Tunataka kueleza safari yake, na kuonyesha pahali ambapo mkulima alipoteza faida yake, tena namna alivyoanza kuirudisha.

Kahawa yetu ni arabika, ipendayo baridi ya milima. Ilienea Kivu wakati wa ukoloni. Mwaka 1928 iliundwa Comité National du Kivu, ambayo iliwagawia walowezi mashamba makubwa. Wazee wetu wengi waliijua kahawa kwanza kama vibarua, mbele ya kupanda miti yao wenyewe.

Mche hutunzwa kitaluni, kisha hupandwa shambani. Matunda ya kwanza hungojewa miaka mitatu ao minne. Mvunaji anapashwa kuchuma kwa mkono yale mekundu tu, na kuyaacha mabichi yaive. Matunda hutiwa majini, na yanayoelea huondolewa. Siku ile ile humenywa kwa masini. Mbegu, zikingali na utelezi, huachwa zichache kwa saa 12 hata 36 kufuatana na baridi ya pahali, kisha huoshwa kwa maji safi. Halafu huanikwa juu ya meza, hugeuzwa mara nyingi, na kufunikwa mvua ikija, hata unyevu ubaki sehemu 12 hivi kwa 100. Mwisho ganda kavu hukobolewa, mbegu mbaya huchaguliwa na kutupwa, na nzuri hutiwa guniani. Kilo 5 ao 6 za matunda hutoa kilo 1 tu ya kahawa safi. Basi gunia la kilo 60 limebeba zaidi ya kilo 300 za matunda yaliyochumwa moja moja.

Katika kazi hiyo yote, saa za kwanza baada ya mavuno ndizo zinazoamua bei. Tunda lililolala ndani ya mfuko huoza, na hakuna jua liwezalo kuliponya. Mkulima aliyemenya peke yake nyumbani, kwa jiwe ao masini ndogo, na kuanika chini, alipata kahawa isiyo sawasawa. Mnunuzi aliiona, akashusha bei.

Shida zikaongezeka. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba mashamba na biashara za wageni zitatiwa mikononi mwa raia wa Zaire. Mashamba mengi makubwa yakakosa matunzo. Mwezi wa Julai 1989 masikilizano ya mataifa juu ya kiasi cha kahawa ya kuuzwa yalivunjika, bei ikaanguka duniani kote. Kisha vita vya 1996 na 1998 vikafunga njia. Wakulima wakapakia kahawa katika mitumbwi usiku, wakavuka ziwa kwenda kuiuza Rwanda. Wengi walizama, wakaacha wajane na yatima. Ndiyo bei ambayo hakuna mzani ulioipima.

Mwaka 2003, huko Minova, wakulima walianza ushirika wa Sopacdi. Baadaye ukajenga kituo cha kuoshea: matunda ya jirani wengi yakamenywa na kuoshwa pamoja kwa namna moja, na kahawa ikauzwa moja kwa moja kwa wanunuzi wa ng'ambo. Vyama vingine vikafuata, hata katika kisiwa cha Idjwi.

Miti ni ile ile, na mlima ni ule ule. Kilichobadilika ni kwamba watu walikubali kuleta matunda yao pahali pamoja, siku ile ile ya mavuno. Vijana wetu wanaorizi mashamba haya wayajue mambo hayo mawili: kidole kimoja hakivunji chawa, na kahawa haingoji kesho.