Nani hufunga mlango wa kalsiamu?

Mwaka 1952, Alan Hodgkin na Andrew Huxley walichapisha milinganyo iliyoeleza jinsi umeme unavyosafiri katika neva nene ya ngisi. Huxley alifanya hesabu zake kwa mashine ya kuzungushwa kwa mkono. Katika milinganyo hiyo, badiliko la volteji kwenye utando wa seli hufungua chaneli za sodiamu, yaani vijimlango vya kupitishia sodiamu, kisha volteji hiyohiyo huzifunga. Ilikuwa rahisi kudhani kwamba chaneli za kalsiamu nazo hutii kanuni hiyo.

Aliyeipindua dhana hiyo ni paramesiamu, kiumbe wa seli moja aishiye madimbwini. Akigonga kitu, kalsiamu humwingia, vinyweleo vyake hupiga maji kinyume, naye hurudi nyuma. Mwaka 1978, Paul Brehm na Roger Eckert waliupima mkondo huo wa kalsiamu wakaona unafifia ndani ya milisekunde 10. Lakini walipoondoa sehemu kubwa ya kalsiamu majini na kuweka bariamu, ulififia polepole mno. Kila walipopunguza kalsiamu inayoingia, chaneli zilichelewa kufungwa, volteji iwe ipi. Basi kalsiamu yenyewe, ikishaingia, ndiyo huziba njia iliyoipitia. Kwangu hili ni miongoni mwa majaribio mazuri kabisa ya biolojia ya karne ya 20: kubadilisha madini tu, na jibu likapatikana.

Waliofuata walilazimika kuandika milinganyo mipya. Mwaka 1982, watafiti Standen na Stanfield walipendekeza modeli ambamo kalsiamu hunata mahali maalumu kwenye chaneli. Miaka miwili baadaye, Chad na Eckert walionyesha kwa hesabu kwamba kilicho muhimu si kalsiamu ya seli nzima, ila ile iliyorundikana mdomoni mwa chaneli moja moja, ambako hujaa ghafla na kutawanyika ghafla.

Mahali hapo pa kunata palifahamika mwaka 1999. Maabara kadhaa, ikiwemo ya David Yue huko Baltimore, zilionyesha kwamba protini iitwayo kalmodulini hukaa imeshikamana na chaneli, ikisubiri kalsiamu. Ikiipata, chaneli hufungwa.

Katika moyo, kila pigo hutegemea kufungwa huko kwa wakati. Mwaka 2013, watafiti waligundua kasoro za jeni za kalmodulini kwa watoto wachanga ambao mioyo yao ilikuwa ikisimama mara kwa mara. Mwaka uliofuata ilidhihirika kwamba kalmodulini yenye kasoro za aina hiyo huziacha chaneli za moyo wazi kupita kiasi.