Magoti, Maziwa na Mbuzi wa Loliondo

Ololosokwan ni kijiji cha wafugaji wa Kimaasai katika tarafa ya Loliondo, wilayani Ngorongoro. Upande mmoja kinapakana na Kenya, upande wa pili na Hifadhi ya Serengeti. Alfajiri za huko zina baridi kali, na mtu akiamka goti limekaza, baridi ndiyo ya kwanza kulaumiwa.

Lawama hiyo ni ya zamani, na si ya Wamaasai peke yao. Kweli baridi yaweza kumzidishia mtu maumivu, lakini chanzo cha ugonjwa kiko kwingine, tena si kimoja. Mwaka 1859, daktari Alfred Garrod wa London alichapisha kitabu kilichotenganisha maradhi mawili yaliyokuwa yakichanganywa: jongo, linaloletwa na chembe za asidi ya yuriki kwenye kiungo, na ule uvimbe wa vidole na viwiko ambao leo tunajua hutokea kinga ya mwili inapoushambulia mwili wenyewe. Kuna pia gegedu linalolika kwa umri, mizigo na majeraha ya zamani. Hilo ndilo linalowasumbua wazee wengi.

Kwa nchi ya mifugo, hata hivyo, kisa kinachostahili kusimuliwa zaidi kilianzia Malta. Wanajeshi wa Uingereza waliugua homa zinazopanda na kushuka, jasho la usiku, viuno na mgongo kuuma. Mwaka 1887 David Bruce, aliyekuja baadaye Uganda kuchunguza malale, aliotesha kijidudu kutoka kwenye wengu za waliokufa. Kilikotoka hakukujulikana hadi mwaka 1905, Themistocles Zammit alipokikuta kwa mbuzi. Maziwa ya mbuzi yalipoondolewa kwenye mlo wa kambi mwaka uliofuata, wagonjwa walipungua ghafla.

Kijidudu hicho, brusela, kinaishi Ngorongoro pia. Watafiti waliopima damu za wagonjwa wa homa katika hospitali ya Endulen, kusini mwa wilaya hiyohiyo, walikuta hasa aina ya mbuzi na kondoo. Humwingia mtu kwa maziwa mabichi, na humwingia pia anayetumia mikono mitupu kumzalisha mnyama au kuzoa kijusi kilichotoka. Kazi hizo ni za kila siku bomani, na ni nani atamwacha mbuzi wake afe akizaa?

Ugonjwa huu hufichika kwa urahisi, kwa kuwa homa yake hudhaniwa ni malaria. Katika utafiti wa Moshi wa mwaka 2007 na 2008, kati ya wagonjwa 870 wa homa waliolazwa, 528 walidhaniwa kuwa na malaria. Waliokuwa nayo kweli ni 14.

Mwaka 2011 maelfu walimiminika Samunge, katika wilaya hiyohiyo, kunywa kikombe cha dawa ya mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500. Kikombe kilikuwa kimoja kwa maradhi yote. Brusela haiondoki hivyo. Huhitaji dawa mbili kwa pamoja, mara nyingi doksisaiklini na rifampisini, kwa wiki sita, na kiangazi mfugaji huwa mbali na zahanati. Akiacha vidonge homa inaposhuka, ugonjwa hurudi, na safari hii unaweza kukaa kwenye uti wa mgongo.