Mshipa wa Shingo Baada ya Mionzi
Kikuubo, kichochoro cha maduka ya jumla hapa Kampala, Kiswahili ni lugha ya wateja kuliko ya wenye maduka. Mama mmoja wa Bunia, aliyetibiwa saratani ya koo kwa mionzi, aliniuliza kwa nini daktari amemwonya kwamba akiona damu mdomoni, hata kidogo, asingoje asubuhi.

Historia ya mionzi Uganda husimuliwa kama historia ya mashine: ya kobalti ilifungwa Mulago mwaka 1995, ikafa 2016, wagonjwa wengine wakapelekwa Nairobi, mpya ikazinduliwa Januari 2018. Ni kweli, lakini simulizi hiyo humwacha mgonjwa pale anaposhuka kitandani. Mionzi inayoua saratani huharibu pia vimishipa vinavyolisha ukuta wa ateri kubwa ya shingo. Miezi au miaka baadaye ukuta huo unaweza kupasuka, hasa penye kidonda kisichopona. Mara nyingi damu kidogo hutangulia na kukoma yenyewe, na watu wa nyumbani hushukuru Mungu, kumbe ndiyo kwanza hatari inabisha hodi.

Zamani tiba ilikuwa uzi. Astley Cooper aliifunga ateri hiyo London mwaka 1805 kwa mgonjwa aliyekuwa na uvimbe wa mshipa; akafa. Wa 1808 alipona. Lakini shingo iliyopigwa mionzi imekakamaa, haipasuliki kirahisi, na ubongo ukinyimwa damu ghafla kiharusi hufuata.

Njia nyingine ilitoka ndani ya mshipa. Mwaka 1953 Seldinger wa Sweden alionyesha jinsi ya kuingiza mrija kwa sindano na waya tu. Miaka ya 1970 Serbinenko wa Moscow aliziba mishipa ya kichwa kwa viputo vidogo. Leo daktari huingilia kinenani, akiongozwa na picha za eksirei, mpaka penye tundu. Huuziba mshipa kwa koili za platinamu, au hulaza stenti iliyovikwa kitambaa ili damu iendelee kufika ubongoni. Stenti nayo huweza kuziba au kuingia vijidudu, damu ikarudi.

Atakayeandika historia ya mionzi Mulago baada ya 2018 asihesabu waliopigwa mionzi tu. Aulize pia aliyetokwa na damu saa nane za usiku alipokelewa wapi, na nani.