Kazi kwanza, mafunzo baadaye

Hebu fikiria umeugua skizofrenia, umepata nafuu, sasa unataka kurudi kazini. Unaambiwa subiri kidogo. Kwanza ufanye kazi ndogondogo kwenye karakana ya wagonjwa, kisha uhudhurie mafunzo ya kujiandaa, halafu ukionekana uko tayari ndipo utafutiwe kazi. Kwa miaka mingi huo ndio ulikuwa utaratibu Marekani na Ulaya. Shida ni kwamba wengi hawakufika mwisho wa foleni.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kituo kimoja cha afya ya akili mjini Lebanon (si ile nchi ya Waarabu, ni mji mdogo jimboni New Hampshire) kiliamua kufunga programu yake ya shughuli za mchana na kuwasaidia wagonjwa kutafuta ajira ya kawaida moja kwa moja. Hofu ilikuwepo: presha ya kazi si itawarudisha wodini? Kumbe walioajiriwa waliongezeka, na kulazwa hospitali hakukuongezeka. Ila baadhi walilalamika kuwa wamekosa mahali pa kukutana na wenzao, na mimi naona malalamiko hayo yalikuwa ya haki kabisa.

Deborah Becker na Robert Drake, watafiti wa huko huko New Hampshire, waliuweka mfumo huo kwenye maandishi. Leo unajulikana kwa kifupi kama IPS. Ukisema unataka kazi, inatosha. Hakuna mtihani wa utayari. Unachagua mwenyewe kazi ya aina gani, na kama mwajiri aambiwe kuhusu ugonjwa wako au la. Mtaalamu wa ajira anakaa timu moja na daktari na muuguzi wako, kwa hiyo dawa ikikufanya usinzie zamu ya asubuhi, jambo hilo linamfikia daktari haraka. Na ukishaajiriwa hakuachi.

Mwaka 1996 walichapisha matokeo ya jaribio la watu 143, waliogawanywa kwa bahati nasibu. Waliopata IPS, asilimia 78 waliajiriwa katika kipindi cha miezi 18. Walioanza na mafunzo, asilimia 40. Nyingi zilikuwa kazi za muda mfupi, za saa chache kwa wiki, kwa hiyo usifikiri kila mtu alipata kazi ya kumtosha kuishi.

Basi wakosoaji wakasema, hayo ni ya Marekani, kuajiri na kufukuza huko ni rahisi. Mwaka 2007 likatoka jibu kutoka miji sita ya Ulaya, ikiwemo London, Rimini na Sofia: watu 312, asilimia 55 dhidi ya 28. Tena waliosaidiwa kwa IPS ndio waliolazwa hospitali kwa uchache zaidi.