Kare ya Kijapani: Agiza hivi usije ukajutia

Ni wali mweupe upande mmoja wa sahani na mchuzi mzito wa kahawia upande wa pili. Japani wanaiita karee. Iliingia huko karne ya 19 kupitia Waingereza, ndiyo maana mchuzi wake hufanywa mzito kwa unga wa ngano na hauna ukali kama wa Kihindi.

Mtandao mkubwa wa migahawa hii ni CoCo Ichibanya, ulioanza mwaka 1978 mkoani Aichi. Pale sahani unaipanga mwenyewe:

1. Mchuzi: wa nguruwe, ng'ombe au mboga.
2. Wali: unachagua kwa gramu.
3. Pilipili: unataja namba. Kama ni mara yako ya kwanza, anzia chini.
4. Vya kuongezea: kuku wa kukaanga, yai, biringanya, jibini.

Kwa Waislamu, hapa ndipo pa kuwa makini. Mchuzi wa kawaida ni wa nguruwe. Kwa hiyo hata ukiagiza kare ya kuku au samaki, usipobadilisha mchuzi, nguruwe yumo. Mchuzi wa mboga hauna nyama, lakini jiko ni lile lile. Mwaka 2017 lilifunguliwa tawi la halali Akihabara, Tokyo.

Karee huliwa kwa kijiko. Mezani kuna achari tamu iitwayo fukujinzuke, ni ya bure. Ukimaliza, lipa uondoke. Bakshishi haina kazi Japani.